Dole la Kipa

Watu wengine huona aibu kwa mambo makubwa. Wameiba, wametelekeza watoto, wamekula mali ya yatima. Aibu yangu mimi ni ya neno moja tu. Nililisema Jumamosi moja mchana kwenye benchi la studio ya picha hapa hapa Babati, nikiwa na miaka kumi na saba, nimebanana na wenzangu na bablishi mdomoni. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo, na miaka yote niliyosimama darasani nikiwaambia watoto wa watu waseme kweli, lenyewe limenikaa kooni kama mwiba wa perege. Mwaka huu Hamisi alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua maharage. Hamisi ni rafiki yangu wa tangu ujana, sasa ana duka la vifaa vya ujenzi pale Bagara, na sauti yake haijui kunong'ona hata kwenye habari ya msiba. Akasema yule kipa wetu wa zamani amefariki, wanazika Alhamisi kwao kule chini ya mlima Hanang, na yeye anakwenda na pikapu yake. Akauliza, "Mama Neema, utakwenda?" Nikasema nitakwenda. Halafu nikarudi kwenye ungo wangu, na baada ya muda nikaona nimetupa maharage mazima nikabakiza mawe.

Mwaka ninaousema nilikuwa kidato cha tatu. Manyara ilikuwa bado haijawa mkoa, tulikuwa chini ya Arusha, na basi la Arusha likiingia stendi abiria wote walikuwa wa rangi moja kwa vumbi. Sisi tulikuwa hatuwasubiri abiria. Tulikuwa tunasubiri maboksi ya bablishi, maana ndani ya kila pakiti kulikuwa na kadi ya mchezaji mpira: mbele picha yake, nyuma namba ya kadi, jina, timu na nafasi anayocheza. Leo nikiwasimulia wajukuu wa dada yangu wananitazama kama mtu aliyekuwa anaokota vizibo vya soda. Hawajui. Kulikuwa na watu wazima Babati, wenye wake na ng'ombe, waliokuwa wananunua bablishi wakawapa watoto utafunaji na wao wakabaki na kadi. Ukipata kadi mbili za mchezaji mmoja, ile ya pili tuliiita dabo, na dabo ndiyo ilikuwa ya kubadilishana. Mimi nilikuwa na kadi mia na kitu kwenye kopo la maziwa ya unga, zimepangwa kwa namba, na Shangazi niliyekuwa nikikaa kwake alikuwa anasema kwamba kama ningepanga hivyo na vyombo vyake angenitafutia mume mwenye gari.

Makao yetu yalikuwa studio ya Mzee Boay, karibu na stendi. Chumba cha mbele kilikuwa na kiti kimoja cha kupigia picha na pazia kubwa lililochorwa ndege ya abiria, ndege yenye bawa moja kwa sababu mchoraji aliishiwa kitambaa. Upande wa barabarani kulikuwa na kabati la kioo. Nyuma kulikuwa na chumba cha fremu, kinanuka gundi na dawa za kusafishia picha, na humo ndimo tulimokaa kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, watu sita. Mke wa Mzee Boay alikuwa analeta makande kwenye sufuria moja na vijiko sita, na sheria ilikuwa moja tu: mkono wenye mafuta haugusi kadi. Tulikuwa tunakula huku tunasikiliza wateja wa mbele. Hakuna redio iliyowahi kunipa raha kama ukuta ule wa mbao. Mmoja anaomba apunguziwe mashavu. Mwingine anataka apigwe picha pamoja na mkewe lakini mama mkwe asionekane, na mama mkwe anasikika pale pale anauliza akae wapi. Na wazee waliotoka mnadani, fimbo mkononi, walikuwa wakimwomba Mzee Boay kalamu. Alikuwa nayo moja maalumu, haina wino, ya kuwaazima wateja waichomeke kwenye mfuko wa shati ili kwenye picha waonekane wamesoma. Tulikuwa tunacheka mpaka makande yanatupalia. Sasa nikikumbuka kicheko kile sioni cha kuchekesha, lakini siwezi kudanganya kwamba siku zile sikucheka. Nilicheka kuliko wote.

Jina langu mle ndani lilikuwa Jicho. Nilipewa na Mzee Boay mwenyewe, kwa sababu mwaka ule zilianza kuingia kadi za bandia. Kuna watu walikuwa wanazichapisha wenyewe, sijui wapi, wakizipitisha mitaani kama za kweli, na walijua kuchagua: waligushi wale wachezaji wasiopatikana. Mimi nilikuwa nazikamata. Nilikuwa naichukua kadi, naiinamia kwa lenzi ya Mzee Boay, ile aliyotumia kurekebishia picha. Kadi ya kweli ukiitazama hivyo unaona rangi zake ni nukta nukta zimepangana vizuri, ya bandia nukta zake zimevurugana kama uji wenye madonge. Halafu naikunja kidogo pembeni nione inavyorudi. Halafu nainusa, maana kadi iliyokaa na bablishi ina harufu ya sukari hata baada ya miezi. Nikimaliza nasema moja kati ya mawili, ya kweli au feki, na hakuna aliyekuwa anakata rufaa. Watu wazima walikuwa wananiletea kadi zao kwa adabu, wananisubiri. Msichana wa miaka kumi na saba akisubiriwa na watu wazima kichwa kinavimba, na changu kilivimba kweli.

Katikati ya mwaka likaja toleo jipya. Mpaka wakati huo kadi zote zilikuwa za wachezaji wa mbali, majina ya kuvunja ulimi. Toleo hili lilikuwa na wachezaji wa nyumbani kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa wetu. Alikuwa kipa wa timu moja ya Arusha ya ligi kuu, mtu aliyezaliwa kwenye jamii ya wafugaji wa tambarare za Hanang, na jina lake lilikuwa Gida. Pale kwenye kadi ameruka, mikono imezidi urefu wa mtu wa kawaida. Babati nzima ilitafuna bablishi mwezi ule mpaka taya zikauma. Mimi nilimpata Gida kwenye pakiti ya tisa, na dabo yake kwenye pakiti ya kumi na nne. Na wiki mbili hazijapita, timu yake ikapita mjini ikitoka kucheza Dodoma, basi lao likasimama stendi wanywe chai.

Nilikimbia kutoka Bagara na sare ya shule. Nilipofika walikuwa wameshapanda, injini inanguruma. Nikainua kadi yangu dirishani, mtu mmoja mwenye suti ya michezo akaipokea, nikamwambia nataka saini ya kipa. Kadi ikaenda nyuma, mkono kwa mkono, sikuiona tena. Basi likaanza kutembea. Nikalikimbilia, na mkono ule ule ukanirudishia kadi dirishani, imesainiwa kwa kalamu ya buluu, Gida, herufi zimelala vizuri na mkia mrefu chini yake. Hayo ndiyo niliyoyaona, na si zaidi. Lakini Jumamosi nilipofika studio nikasema nimemwona akisaini. Nikasema alinitazama, akaniuliza jina langu, akatabasamu. Uongo ule ulitoka wenyewe, mtamu, wala sikuuhesabu kuwa uongo, niliuhesabu kama mapambo. Mzee Boay aliiweka kadi yangu kwenye kabati la kioo, rafu ya juu kabisa, pamoja na kikaratasi chenye jina langu kamili. Watu walikuwa wakishuka kwenye basi wanakwenda kuiangalia kabla ya kutafuta choo.

Samweli alikuwa mmoja wetu sita, na alikuwa mkimya kuliko sisi watano tukijumlishwa. Alisoma darasa langu na aliishi Bonga kwa dada yake aliyeolewa, na kila Jumamosi alikuja kwa miguu kutoka huko. Kadi zake hazikufika arobaini, alizifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Hakuwahi kutuambia kwamba Gida ni mjomba wake. Tulimjua mwaka mzima, tumekula naye sufuria moja, na hakusema. Mimi ningekuwa na mjomba kwenye kadi ningetembea na kipaza sauti. Aliposema, alisema kwa sababu alikuwa na kitu cha kuonyesha. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa tisa, makande yameisha. Akafungua karatasi ya daftari, ndani kulikuwa na kadi ya Gida, na juu ya kifua cha kipa kuna alama ya dole gumba ya wino wa zambarau, kubwa, mistari yake inaonekana yote. Akasema, "Hii ameweka mjomba wangu mwenyewe. Ni dole lake."

Mzee Boay akaitazama, akanipa. "Jicho, sema." Nikaiweka chini ya lenzi. Kadi ilikuwa ya kweli, nukta zote mahali pake. Dole nalo lilikuwa dole. Na nikiwa nimeinama pale, jicho moja kwenye lenzi, nikaelewa jambo lote kwa mara moja: kama kipa huyu anaweka dole, basi yule wa kwenye basi hakuwa yeye, na mimi sikumwona akisaini, wala hakunitazama, wala hakutabasamu, na kadi yangu kabatini ni feki yenye jina langu kamili. Nilielewa kabla sijainua kichwa. Naomba msomaji alishike hilo, maana kwa miaka mingi nilijisingizia kwamba sikuelewa. Nikainua kichwa nikasema, "Kipa wa ligi kuu anaweka dole? Kwani alikuwa kwenye foleni ya mahindi ya njaa?"

Chumba kililipuka kwa vicheko. Hamisi alicheka akaanguka kwenye fremu. Samweli hakugombana. Alingoja watulie, kisha akasema kwamba mjomba wake ameumia goti, ameacha mpira, na sasa yuko Bonga kwa dada kwa ajili ya matibabu, kwa hiyo mwenye shaka aende amwone. Mzee Boay alikuwa mtu wa haki. Akasema ni sawa, Jicho aende Jumapili, akirudi atatueleza, na atakalosema ndilo hilo hilo. Wote wakakubali. Hata Samweli alikubali, alionekana ameridhika kwamba nimechaguliwa mimi.

Nilikwenda baada ya ibada, na dabo yangu ya Gida mfukoni. Nyumba ya dada yake Samweli ilikuwa ya tofali mbichi, nje imepigwa lipu nusu. Kipa alikuwa chumba cha pembeni, amekaa kwenye kitanda cha kamba, mguu umenyooshwa juu ya gunia la mahindi, na glovu zake za kudakia zimetundikwa kwenye msumari ukutani juu ya kichwa. Nilimwamkia shikamoo Mjomba, akaitikia marahaba binti, kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya kwao. Samweli alininawisha. Tulikula ugali na maziwa ya mgando na nyama kidogo iliyokaushwa, na kipa alikuwa ananisukumia vipande vikubwa upande wangu bila kuniangalia, jinsi mtu anavyomfanyia mgeni ili asione haya. Vidole vyake vilikuwa vimevunjika na kujiunga vibaya, viwili havikunji. Nilimuuliza mambo ya mpira, akasema kudaka si kutazama mpira, ni kutazama nyonga ya mtu, nyonga haijui kudanganya. Dada yake Samweli alipita akasema huyo tangu aumie anatutazama nyonga hata sisi tukipika. Tulicheka wote. Ilikuwa nyumba ya furaha, na ndiyo maana nikiikumbuka naumia zaidi. Wangenipokea vibaya ningekuwa na pa kushika.

Baada ya chakula nikatoa kadi. Nilitaka kuona kwa macho, au labda nilitaka nisione, sijui. Kipa akamwagiza Samweli kopo dogo la bati. Ndani kulikuwa na pedi ya wino imeviringishwa kitambaa safi, pedi yake mwenyewe, aliyosafiri nayo kila alikokwenda kucheza. Akaeleza bila kona wala haya. Yeye alichunga, shule ilimpita. Mikataba yake yote ameiwekea dole. Watu wakileta kadi kwenye basi, mtunza vifaa wa timu ndiye anayemwandikia, maana ana mwandiko mzuri kama wa padri. Akacheka. Kisha akabonyeza dole kwenye pedi, akalibonyeza kwenye kadi yangu, taratibu, akalizungusha kutoka upande mmoja hadi mwingine kama mtu aliyelala anavyojigeuza. Akaipuliza ikauka, akanipa. Halafu uso wake ukabadilika, akasema, "Binti, nimesikia watoto wa mjini wamemwita huyu mwongo kwa sababu ya dole langu. Kwetu mtoto akiitwa mwongo ni sisi sote. Wewe wanakuamini. Ukawaambie umeona."

Nikasema, "Nitawaambia, Mjomba."

Na nilikusudia. Jumatatu nilikusudia, Jumanne pia. Jumatano nilipita studio nikaona mama mmoja amemwinua mtoto wake mbele ya kabati amwonyeshe kadi yangu, na kusudio likaanza kulegea. Nikawa najibishana peke yangu. Nikasema nitaeleza kwamba nilidanganywa na mtu wa basi. Lakini nilishasema alinitazama akatabasamu, na hiyo ningeiondoaje? Jicho angekuwa nani tena? Ijumaa jioni, Shangazi akiwa ameenda kuchota maji, nikaiweka ile kadi ya dole kwenye jiko la mkaa. Iliungua kwa moshi mwingi kuliko nilivyotegemea, na harufu ya sukari.

Jumamosi walikuwa wananisubiri. Mzee Boay alikuwa amefunga chumba cha mbele asisumbuliwe na wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku alipofiwa na kaka yake. Samweli alikaa kwenye kona, shati limepigwa pasi. Mzee akaniuliza, "Haya Jicho. Ulikwenda Bonga. Umemkuta?"

"Sikumkuta."

Ndilo neno lenyewe. Sikusema ni feki, sikusema Samweli ni mwongo. Nilisema hilo tu na mengine yote wakayamalizia wao. Hamisi akapiga makofi, mwingine akasema mjomba ameyeyuka, mwingine akauliza kama dada yake Samweli naye ni wa kuchapishwa. Mimi nilikuwa natazama makande. Nilijua Samweli ananitazama, nilihisi upande mzima wa uso wangu ukiwaka. Nilingoja aseme ulikula kwetu, nilikunawisha, sema kweli. Angelisema hilo ningeumbuka pale pale, na namshuhudia Mungu, nusu yangu ilikuwa inaomba aseme. Hakusema. Alikunja kadi yake kwenye karatasi ya daftari, akamuaga Mzee Boay kwa heshima, akatoka. Hakurudi tena Jumamosi yoyote. Shuleni wakamwita Dole. Mwalimu alipotaka kumpa uangalizi wa stoo ya vitabu, darasa zima liliguna Dole, Dole, na mwalimu, ambaye hakujua habari yenyewe, akampa mtu mwingine. Mimi nilikuwa dawati la tatu. Niliguna? Sikuguna. Lakini sikunyamazisha mtu, na mpaka tunamaliza kidato cha nne sikuwahi kumwendea hata kwa salamu ya kueleweka.

Alhamisi ya mazishi tulifika mapema. Watu walikuwa wengi, magari mengi, wachezaji wa zamani wenye matumbo. Nilikuwa nimepiga moyo konde njiani: nikimwona Samweli nitamwambia, hata akinitemea mate. Hamisi alikuwa nyuma yangu amebeba mfuko wa mchele wa rambirambi. Tulipofika kwa mjane, Mama Paskali, bibi mwembamba aliyekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, nikajitambulisha kwamba natoka Babati mjini, nilisoma na Samweli, naitwa Veronika. Bibi akanishika mikono yote miwili. Akawageukia wanawake wenzake akasema, "Ndiye huyu. Ndiye yule binti aliyemsemea mume wangu mjini, wakati wenzake wanamcheka mtoto wetu." Wanawake wakasogea wakanipa nafasi kwenye mkeka, pamoja na ndugu wa karibu. Mmoja akanifuta vumbi la viatu kwa khanga yake. Nilimtazama Hamisi. Alikuwa amesimama na mchele wake, mdomo wazi, na yeye aliyekuwepo Jumamosi ile alijua vizuri kabisa nilichosema.

Samweli alinijia baadaye, akanitoa pembeni karibu na tangi la maji. Amekuwa mtu mzima mwenye mvi, daktari wa mifugo wilayani, na bado mkimya. Nilianza kusema, akaniinulia mkono. Akasema siku ile ile aliporudi Bonga mjomba alimuuliza kama yule binti amesema, na yeye akamjibu amesema.

"Kwa nini, Samweli?"

"Goti lilikuwa limemmaliza. Mpira umeisha. Nimwambie na dole lake wamelikataa?" Akatazama watu waliokuwa wakipanga viti. "Sikuwahi kumdanganya kabla ya hapo. Na alipenda kuisikia. Kila mgeni akija, alikuwa ananiambia nisimulie. Akaniuliza, yule binti aliposema alikuwa amekaa au amesimama? Nikamwambia ulisimama."

Nikamuuliza kwa nini siku ile studio hakunipinga mbele ya wote. Akasema nilikuwa mgeni wao, nilikuwa nimekula kwao, angeanzaje kubishana na mgeni mbele za watu. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, hakuna hasira. Nikamwambia nataka nisimame niwaeleze ndugu zake kweli, sasa hivi, kabla ya mazishi. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliona uso wake ukitikisika. Akasema, "Leo usiniumbue tena, Vero."

Nikarudi mkekani. Wakati wa salamu za rambirambi katekista aliniita, mgeni kutoka mjini, rafiki wa marehemu. Nilisimama. Nikasema marehemu alinikaribisha vizuri, alinilisha nyama kubwa kuliko yake, na alikuwa mtu wa kweli. Kila neno lilikuwa sahihi, na nilikaa chini nikiwa mwongo kuliko nilivyosimama. Mama Paskali akanipapasa goti.

Njiani kurudi Hamisi aliendesha bila redio. Mlima ulikuwa nyuma yetu, tumepita vijiji viwili, hajasema kitu, na Hamisi kukaa kimya ni jambo la kumpeleka mtu hospitali. Mwishowe akauliza, macho barabarani, "Ulimkuta?"

Nikasema nilimkuta. Nilikula kwake, aliweka dole mbele ya macho yangu, na kadi nikaichoma.

Akapunguza mwendo, akalisogeza gari pembeni kwenye majani, akazima injini. Akasema kila Idi watoto wake wakikusanyika humwomba awasimulie habari ya Dole, kijana aliyejipatia mjomba wa bandia. Wanacheka mpaka wanatokwa machozi. Mkubwa wake amefungua darasa la mpira la watoto na huwasimulia na wale. "Mimi nimesimulia hivyo maisha yangu yote," akasema, "kwa sababu ulisema wewe."

Nikasema najua.

Aliondoa mikono kwenye usukani. Kisha akatoa simu mfukoni, akatafuta namba ya mwanawe mkubwa, ikaanza kuita, akaiweka sauti ya nje. Akanipa mimi. Kijana akaitikia, akadhani ni baba yake, akasema shikamoo. Nikamwambia marahaba, mwanangu, si baba yako, ni Mama Neema, na kuna jambo nataka nikusimulie, usikate mpaka nimalize.